Laini mbili za faiba, kampuni mbili, zimekata sekunde ile ile. Inakuwaje?

Mwanjelwa_Steshenari:
Wakuu salama? Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, wateja wangu wengi ni madogo wa chuo na watu wa kuomba ajira. Nilichoka mtandao kukatakata nikavuta faiba ya pili toka kampuni nyingine kabisa, nikajua nimemaliza. Juzi nipo katikati ya kumjazia mtu fomu, taa ya LOS ikawa nyekundu, nageukia ruta ya pili nayo nyekundu! Baadae boda akaniambia kuna kijiko hapo juu kinachimba barabara kimenyanyua waya. Nimepigwa au?

fundi_wa_nyuzi:
Hujapigwa mkuu. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi chako, yaani palipokatika ni kati yako na kituo chao hapo hapo mjini. Ile tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, zilipokatika nchi nzima tulilia, ila LOS haikuwaka, mwanga wa hapa ulikuwepo, njia ya kutoka nje ya nchi ndo ilikuwa imebanwa. Wewe una kampuni mbili kwenye bili lakini mtaro mmoja, na mara nyingine mmoja anakodi nyuzi ndani ya waya wa mwenzake, kijiko kikipiga wote chali.
Kwenye mkongo mkubwa wanafunga duara, ukikatika huku data inazungukia kule, kwa SDH (mfumo wa kusafirisha data kwenye mkongo) ni milisekunde 50 tu, anayeongea na simu hashtuki. Sasa duara likipita mtaro mmoja kwenda na kurudi hilo siyo duara, ni kamba imekunjwa. Na waya wa kuja dukani kwako hauna hata hilo duara.

Mnyalukolo:
@fundi sasa mbona kuunga kunachukua siku nzima?

fundi_wa_nyuzi:
Kupajua ni dakika, kuna kipimo kinaitwa OTDR, inarusha mwanga inapima unavyorudi inakwambia mita ngapi. Ila hizo ni mita za waya siyo za barabara, kwenye mashimo kuna mizunguko ya waya wa akiba, unachimba hapa kumbe ni mita thelathini mbele. Halafu masika ya Mbeya unayajua, mmeshikilia turubai, uzi ni maikromita 125, ukiingia tope unaanza upya, na nyuzi ziko 48 kwenye waya mmoja.

Mnyalukolo:
Mi huku Mafinga nina faiba moja na ruta ya 4G pembeni. Ila ulizia mnara wenyewe unalishwa na nini, wa kwetu faiba ikikata network inajaa vistari vyote na hakuna kitu kinafunguka 😂

Mwanjelwa_Steshenari:
Nimewapigia wale wa pili nikauliza waya wao unapita njia ipi, dada akanijibu "si unapita kwenye faiba kaka". Nikaenda mwenyewe pale shimoni, jamaa wanaunga waya mmoja tu. Laini ya pili naikata mwisho wa mwezi. Nani anauza ruta ya 4G used?