Mtu akiomba gemu zisizojulikana acheni kumtajia Stardew Valley, mnakera!!

Wakuu, leo natoa povu na sitaki mtu aje kuniambia nipunguze munkari. Hivi nani aliwadanganya kwamba Stardew Valley ni gemu isiyojulikana? Nauliza kistaarabu hapa mwanzoni, ustaarabu wenyewe hauendi mbali.

Kila ukifunguliwa uzi wa "naombeni gemu za indi ambazo watu hawazijui", yaani zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila kampuni kubwa kuwashika mkono, mi huwa najua majibu kabla sijashuka chini. Wa kwanza Hollow Knight. Wa pili Hades. Anakuja wa tatu na Celeste, wa nne Undertale, halafu wa tano anaibuka na Stardew Valley kaweka na vialama vya moto kabisa utadhani kaifukua yeye. Jamani, Stardew imeuza zaidi ya kopi milioni 40! Hollow Knight ilishafika milioni 15 kabla hata Silksong, mwendelezo wake, haijatoka. Na hiyo Silksong, Agosti 2025 walipotangaza tu kwamba inatoka tarehe 4 Septemba, madevelopa wadogo kadhaa wakaanza kusogeza tarehe za gemu zao kwa sababu walijua wiki ile hakuna atakayewatupia jicho. Gemu ambayo ikipita wenzake wanahama barabara, we unaileta kwa mtu unamwambia eti "hii wengi hawaijui". Wengi gani? Bibi zetu?

Na sijasema ni mbaya, maana najua kuna watu wanakunja ngumi huko. Ni nzuri, zimestahili kila kitu zilichopata. Ila mtu kaomba kitu kingine! Kashazicheza zote hizo ndo maana yuko hapa anauliza, na kwenye uzi kaandika kabisa "msinitajie Hades", na komenti ya pili ni Hades. Hamsomi au mnafanya makusudi?

Halafu kuna kundi la wajuaji, hawa ndo wananimaliza, wanasema "gemu ikiwa nzuri itajiuza yenyewe". Kweli? Among Us, ile ya kumsaka tapeli aliyejificha kati yenu, ilitoka 2018. Ikakaa pale karibu kimya mpaka katikati ya 2020 watu wa kustrimu, wale wanaojirusha mtandaoni wakicheza, walipoikamata, na ghafla dunia nzima ikawa inaitana tapeli, mpaka wale jamaa watatu walioitengeneza wakatangaza Among Us 2 halafu wakaifuta wakarudi kushughulikia ile ile ya kwanza kwa jinsi watu walivyofurika. Gemu ni ile ile! Kilichobadilika ni nani kaitaja na mbele ya nani. Sasa jiulize zimebaki ngapi ambazo hazikupata bahati hiyo. Pale Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta mtandaoni, tangu 2017 ukilipia dola 100 kwa kila gemu unaweka, basi, na 2024 peke yake ziliingia zaidi ya elfu 18, piga hesabu hapo ni karibu 50 kila siku. Gemu isipofikisha rivyu 10 haipewi hata ile alama ya jumla ya kusema watu wameipenda au hapana, inabaki haina uso. Kumi tu! Kuna watu humu wamemaliza gemu, wameipenda, wamelia kabisa mwishoni, na hawajaandika hata mstari mmoja, ila kwenye uzi wa kubishana kuhusu Elden Ring wana kurasa.

Eti itajiuza yenyewe. Itajiuza kwa miguu ipi?

Haya sasa, kosa la pili, na hapa nawagusa hata wale wenye ladha nzuri. Mtu anaitaja gemu isiyojulikana kweli, safi, unafurahi, halafu maelezo yake ni "ni noma sana, ingia tu bila kusoma chochote, utanishukuru". Mkuu, nitaingiaje? Nina majina ya gemu kama haya mia kwenye orodha na yote nimeambiwa nitashukuru. Hujaniambia nafanya nini humo ndani. Natembea? Napiga? Nasoma? Ni mafumbo? Kuogopa kuharibu stori siyo sababu, nusu saa ya kwanza ya gemu hainaga siri yoyote, nieleze hiyo tu, mikono yangu inafanya nini na inakeraje au inanogaje. Ndo hivyo tu, wala sijaomba insha.

Ngoja niwaonyeshe maana mnaweza kudhani haiwezekani.

Heaven's Vault, ya studio ya inkle, 2019. We ni mwanaakiolojia anaitwa Aliya, una roboti lako mnagombana njia nzima, mnasafiri kwenye mito ya angani kumtafuta mtu aliyepotea. Kazi yako kubwa ni kusoma maandishi ya kale ambayo hakuna anayeyajua tena. Unaokota kipande cha chungu kina alama nne tano, unapewa maneno machache ya kukisia, unachagua "hekalu" kwa sababu umekiokota karibu na kitu kama hekalu. Na hapa ndo utamu ulipo, gemu haikuambii umekosea! Inakuacha unatembea na hekalu lako la uongo, unalitumia kutafsiri sentensi nyingine, unajenga historia nzima ya watu wale juu ya neno ambalo hujalithibitisha, mpaka ukutane nalo tena sehemu ambapo hekalu haliingii akilini hata kidogo na Aliya mwenyewe anaanza kulitilia shaka. Maneno yamejengwa kwa vipande, ukishakijua kimoja unaanza kukiona kimejibana ndani ya neno refu ambalo jana uliliogopa. Ukimaliza ukaanza upya unabaki na kamusi yako na maandishi yanakuwa marefu zaidi. Kasoro inayo, ile safari ya kwenye mito inachosha, inachosha kweli, mi nilikuwa naachia padi naangalia pembeni. Lakini hakuna gemu nyingine iliyonifanya nikae natazama mistari mitano ya michirizi huku moyo unadunda. Umeona? Nimekuharibia nini hapo? Hakuna.

Nyingine. Umurangi Generation, 2020. Unapiga picha. Upo Tauranga, New Zealand, siku za mbele ambako mambo yameharibika, unapewa orodha ya vitu vya kupiga, mfano vitu fulani viwili viingie kwenye picha moja kwa lenzi fulani, unazunguka, unachuchumaa, unapanda juu ya makontena kutafuta pembe. Hakuna anayekusimulia kitu. Ila kwa kuwa kazi yako ni kutazama, unaanza kuona michoro ya ukutani, askari wa Umoja wa Mataifa wako kila kona, magazeti yametupwa chini, na taratibu unaelewa hawa watu wako kwenye hali gani na kwa nini vijana wa pale wana hasira, na hasira yenyewe utaielewa. Aliyeitengeneza ni Mmaori na kwenye IGF za 2021, tuzo za gemu za indi, ilichukua ile kubwa kabisa, Seumas McNally. Tuzo kubwa kabisa! Nendeni mkaitaje humu muone, watu watadhani mmetaja dawa ya kikohozi.

Hypnospace Outlaw ya 2019 hiyo ni ya wale waliowahi kuiona intaneti ya zamani, zile kurasa za rangi za kuumiza macho na muziki unaojipigia wenyewe ukifungua tu. Ni 1999 ya kubuni, watu wanaingia mtandaoni wakiwa wamelala kwa kuvaa kitu kichwani, na we ni mod, yaani msimamizi wa kufuta yasiyoruhusiwa. Ndiyo, mod! Mods wa hapa mngeicheza labda mngetuhurumia. Kazi ya kwanza tu unatumwa kufuta katuni yenye hakimiliki, unafika unakuta zimo picha walizochora watoto, mwalimu wao kaziweka kwenye ukurasa wa darasa. Sheria ni sheria, unafuta, unalipwa. Usipofuta hulipwi. Mi nilifuta nikajisikia ovyo, na gemu haikusema neno, ikaniletea kesi inayofuata.

Void Stranger, ya System Erasure wa Ufini, 2023, rangi ni nyeusi na nyeupe na vijivu kidogo, ukiiona utasema ya mwaka 1990. Unashuka ngazi moja baada ya nyingine, na una fimbo inayong'oa kigae cha sakafu na kukiweka pengine, basi, hiyo tu. Unajitengenezea njia kwa sakafu hiyo hiyo unayoibomoa. Hii kidogo nawaelewa wanaokataa kuielezea maana huko chini mambo yanabadilika, ila hiyo sentensi ya fimbo na kigae si ingetosha? Kwa nini mnainyima? Ni ngumu lakini, tena ngumu ya kutukanisha, asiyependa mafumbo ya kusukuma na kupanga asiiguse.

The Case of the Golden Idol, 2022, ndugu wawili wa Latvia. Mtu kafa, tukio limeganda, unachungulia mifukoni mwa kila mtu, unakusanya maneno na majina, unajaza nafasi zilizoachwa wazi nani kamuua nani kwa nini. Unajaza kwa kubahatisha inakukatalia, hakuna ujanja. Hii angalau imeanza kusikika.

Rain World naiweka makusudi, najua kuna atakayesema "hiyo inajulikana mbona". Sasa hivi ndiyo. Ilipotoka 2017 wahakiki wengi waliipa alama za wastani, waliona inaonea mchezaji. Na ni kweli inaonea, we ni kinyama kidogo laini kama konokono na paka vimechanganywa, unatafuta chakula na shimo la kujificha kabla mvua haijaja kukuponda, na mijusi wana maisha yao, wanawindana wao kwa wao uwepo usiwepo. Kilichoiokoa ni watu, walikaa miaka wanaielezea kwa wenzao kwa uvumilivu, wakaitengenezea nyongeza zao wenyewe, mpaka nyongeza hizo zikageuka Downpour, nyongeza rasmi iliyotoka 2023. Hao ndo mashabiki. Siyo nyie wa vialama vya moto.

Kosa la tatu, na hili nalisema nikiwa nimekasirika kweli kweli. Kwenye uzi fulani mtu kaomba gemu fupi, nikamwambia A Short Hike, ya 2019, kazi ya jamaa mmoja, Adam Robinson-Yu. Ni kandege kanapanda mlima kutafuta mtandao wa simu, kanaokota manyoya ya dhahabu kila unyoya unakuongezea nguvu ya kupanda na kuruka, ukifika kileleni unateleza angani mpaka chini unapita juu ya kila mtu uliyeongea naye. Unaweza kuimaliza ndani ya saa moja na nusu. Huyo ndugu kaimaliza, karudi kwenye uzi kasema ni nzuri, KAISIFIA, halafu anajitapa kwamba kaomba hela yake irudishwe kwa sababu hajafikisha saa mbili!!! Na watu wakampa laiki! Ile sheria ya Steam ya kurudisha hela ukiwa umecheza chini ya saa 2 ndani ya siku 14 ni ya gemu inayogoma kuwaka kwenye kompyuta yako au uliyoijaribu ukaona huipendi, siyo gemu uliyoila yote ukalamba na sahani. Mtengenezaji wa gemu fupi afanye nini sasa, aongeze saa nzima ya kuzunguka zunguka bila maana ili apite kwenye saa mbili zako? Na akifanya hivyo nyie nyie mtakuja kulalamika gemu imerefushwa kwa nguvu.

Na wale wa "grafiki mbovu sichezi" sina muda nao leo.

Kwa hiyo kwenye uzi huu ni hivi. Taja gemu moja, siyo kumi, moja. Sema unafanya nini ndani yake. Sema inakera wapi, maana gemu isiyokera popote hujaicheza au umelipwa. Kama una kopi, kabla hujakomenti hapa nenda kaiandikie rivyu kwanza hata mistari miwili, mi nasubiri. Atakayeandika Hollow Knight namripoti, na atakayeandika "Hollow Knight hahaha" kwa utani namripoti mara mbili.

Halafu yule aliyeuliza juzi gemu isiyo na maneno kabisa ya kucheza na mtoto, akajibiwa Hades na watu watatu, Hades jamani, mpe Gorogoa ya 2017. Ni picha nne kwenye fremu, unazisogeza, unazipandanisha, tundu la picha hii linakuwa dirisha la ile. Mkuu kama unasoma nijibu hapa hapa chini, usiende kule tena.