Ofa tatu: TSh milioni 10 Dar, KSh 500,000 Nairobi au AED 18,000 Dubai, ipi inabakiza zaidi?

Mzani
Wakuu, naomba tuzipime ofa hizi kwa hesabu, sifa za jiji tuziweke kando. Dar ni TSh 10,000,000 ghafi, Nairobi KSh 500,000 ghafi, Dubai AED 18,000. Mlengwa ni Mtanzania, ana mwenza na watoto wawili wa shule ya msingi. Bima ya afya ya mfanyakazi ipo kwenye ofa zote. Ili tusipotezane, tuchukue KSh 1 kuwa TSh 20 na AED 1 kuwa TSh 700 mpaka mwisho wa uzi. Nini kinaingia benki, na mwezi ukiisha nini kinabaki?

Fundi_Hesabu
Naanza na Dar. Kosa la kwanza la watu wengi ni kupiga PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) juu ya ghafi yote. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inatoka kwanza: asilimia 10 ya mfanyakazi, yaani 1,000,000, na Tanzania haina ukomo wa juu kwenye mchango huo. Inayobaki kutozwa ni 9,000,000. PAYE ya Tanzania Bara kwa kipato kinachozidi milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya ziada: 128,000 + 2,400,000 = 2,528,000. Mkononi: TSh 6,472,000.

Kwa anayetaka njia ya mkato: kwa mshahara wowote unaozidi kama 1,112,000, zidisha ghafi kwa 0.63 kisha ongeza 172,000. Maana yake kila laki moja unayoongezewa, unaondoka na 63,000. Ukiambiwa "tunakuongezea milioni moja", wewe soma 630,000.

Fomula hiyo hiyo inageuka unapojadili. Ukitaka milioni 7 mkononi: (7,000,000 − 172,000) ÷ 0.63 = kama 10,838,000 ghafi. Taja ghafi mezani, usitaje ya mkononi, kwa sababu mkataba wa "neti" unaacha mlango wazi: kanuni ikibadilika au deni la HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) likijitokeza, kila upande utasema ni la mwenzake.

Nyayo254
Hapa Nairobi makato ni mengi kwa majina, lakini yote yanafuata mpangilio mmoja. Kwa KSh 500,000: SHIF (bima ya afya ya serikali) asilimia 2.75 ni 13,750, ada ya nyumba (ya mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu) asilimia 1.5 ni 7,500, NSSF kwa viwango vya Februari 2025 ni 4,320. Jumla 25,570. Tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF na ada ya nyumba hutolewa kabla ya PAYE, kwa hivyo ukikuta kikokotoo mtandaoni kinachozitoa baada ya kodi, kimepitwa na wakati.

Kinachotozwa kodi ni 474,430. Elfu 24 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilizosalia asilimia 30: inakuja 137,112. Toa nafuu ya kodi ya 2,400, PAYE ni 134,712. Mkononi: KSh 339,718, sawa na TSh milioni 6.79.

Anayepata mshahara mkubwa ndiye SHIF imemuuma. Enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHIF, mwisho ulikuwa 1,700 kwa mwezi hata ulipwe milioni. Sasa hakuna ukomo.

Kibindoni
Nyayo, sahihisho dogo. Viwango vya mwaka wa nne vya NSSF, kuanzia Februari 2026, vinapandisha kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa hadi 108,000, kwa hiyo mchango ni 6,480. Mkononi inashuka kwa kama 1,512, tuseme 338,200. Haibadilishi uamuzi.

Kinachobadilisha uamuzi ni kwamba mnalinganisha mkononi na mkononi mkiisahau akiba. Dar, mwajiri naye anaweka milioni moja NSSF. Ni milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka. Nairobi, NSSF ya pande zote mbili ni KSh 12,960, kama TSh 259,000. Kwa hiyo ofa ya Nairobi isiyo na skimu ya pensheni ya kampuni iko nyuma ya Dar, hata kama inayoingia benki ni kubwa zaidi kwa laki tatu.

Nyayo254
Kweli. Na ndiyo maana swali la kwanza kwa mwajiri wa Nairobi liwe skimu ya pensheni: anaweka asilimia ngapi? Kwa upande wako, unaruhusiwa kuchangia hadi 30,000 kwa mwezi bila kutozwa kodi, NSSF ikiwa ndani yake. Ukitoa 6,480, nafasi ni 23,520, na kila shilingi unayoweka hapo inakuokolea senti 30 za PAYE, yaani karibu KSh 7,050 kwa mwezi. Riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi nayo ina nafasi yake ya 30,000.

Mama_Chanja
Kibindoni, milioni 24 za NSSF ni za kwenye karatasi mpaka ufike miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Fao la kujitoa la zamani, la kuchukua michango yako ukiacha kazi, halipo. Ukiacha kazi mwenyewe hulipwi fao la kukosa ajira. Mtu wa miaka 30 mwenye kiwanja cha kujenga haoni hiyo kama pesa, na siwezi kumlaumu. Ihesabuni, lakini muipunguze thamani.

Abra_Creek
Dubai sasa. Hakuna PAYE. Kinachokatwa ni bima ya kukosa kazi tu, AED 5 au 10 kwa mwezi kutegemea mshahara wa msingi. Kwa hiyo 18,000 ni 18,000, kama TSh milioni 12.6. Hapo ndipo wengi wanasaini bila kusoma ukurasa wa pili.

Angalia mshahara ulivyogawanywa. Kwa kawaida wanaandika msingi kama asilimia 60, kisha posho ya nyumba na ya usafiri. Kiinua mgongo kinakokotolewa kwa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 baada ya hapo. Msingi wa 10,800 ni 360 kwa siku, mara 21 ni AED 7,560 kwa mwaka. Hiyo ni TSh milioni 5.3 dhidi ya milioni 24 za NSSF. Pensheni nyingine hakuna, unajiwekea.

Nyumba ndipo pesa inapotoka kwa kishindo. Pango linanukuliwa kwa mwaka na kulipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Chukua vyumba viwili mbali na katikati kwa AED 90,000, hundi nne. Siku ya kusaini unahitaji hundi ya kwanza 22,500, amana asilimia 5 (4,500, yenye fanicha ni asilimia 10), dalali asilimia 5 pamoja na VAT (4,725), usajili wa mkataba wa pango kwenye mfumo wa Ejari kama 220, na amana ya DEWA, shirika la umeme na maji, 2,000. Karibu AED 34,000 kabla hujanunua godoro. Na kitabu cha hundi hukipati mpaka kitambulisho cha Emirates kitoke na akaunti ifunguliwe, kwa hiyo wiki za mwanzo ni chumba cha kulipia kwa mwezi. Omba mwajiri akutangulizie pango na akate kidogo kidogo. Wengi hukubali, ila sharti liandikwe.

Halafu kuna ada ya manispaa, asilimia 5 ya pango la mwaka, imejificha ndani ya bili ya DEWA: 375 kila mwezi. Na majengo mengine hutoza ubaridi wa AC kupitia kampuni tofauti na DEWA. Uliza kabla ya kulipa dalali.

Mzani
Shukrani. Tuweke bajeti ya watu wanne basi, maisha ya kawaida ya mtu wa mshahara huu, bila anasa.

Mama_Chanja
Dar, kwa makadirio yangu. Nyumba ya vyumba vitatu Mikocheni au Mbezi Beach 1,500,000. Chakula 1,200,000. LUKU (umeme wa kulipia kabla) 250,000, na wala si nyingi: AC ya HP 1.5 usiku mzima inakula kama uniti 6, kwa TSh 356 uniti moja ni kama 64,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja tu. Maji na taka 60,000. Shule ya mchepuo wa Kiingereza, milioni 4 kwa mtoto kwa mwaka, ni 667,000 kwa mwezi. Petroli lita 100, tuseme 290,000. Gari kwa matengenezo na bima 150,000, dada wa kazi 200,000, simu na intaneti 150,000. Jumla 4,467,000. Inabaki kama milioni 2.

Tahadhari mbili. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, na dalali mwezi mmoja: 10,500,000 mlangoni. Isigongane na ada za Januari. Pili, bei za nyumba kwa dola zimepigwa marufuku kwa kanuni za Machi 2025, kwa hiyo mkataba wa Masaki ukiletwa kwa dola, rudisha uandikwe kwa shilingi.

Ukiwapeleka watoto shule ya kimataifa, futa bajeti yote hii. Mshahara huu haubebi watoto wawili huko bila posho ya shule.

Nyayo254
Nairobi: nyumba ya vyumba vitatu Kileleshwa 90,000 pamoja na huduma za jengo, chakula 60,000, shule binafsi 90,000 kwa muhula kwa mtoto, sawa na 45,000 kwa mwezi kwa wawili. Mafuta ya gari 18,500, bima na matengenezo 12,000, stima na maji 12,000 (AC haihitajiki), simu na intaneti 8,000, mfanyakazi wa nyumbani 20,000. Jumla 265,500. Zinabaki kama KSh 72,700, yaani TSh milioni 1.45. Kumbuka mfanyakazi wa nyumbani naye ni mwajiriwa: NSSF, SHIF na ada ya nyumba zinamhusu.

Abra_Creek
Dubai: nyumba 7,500, ada ya manispaa 375, umeme na maji wastani 700 (Julai na Agosti huruka juu), shule mbili za ada ya chini 25,000 kila moja kwa mwaka, yaani 4,167 kwa mwezi. Chakula 2,500, gari 1,200, simu na intaneti 600. Jumla 17,042. Zinabaki kama AED 950, TSh 665,000. Na bado sijagusa viza za familia, bima ya afya ya mke na watoto ambayo kisheria ni jukumu la anayewadhamini, wala tiketi za likizo.

Mtu mmoja ni habari nyingine kabisa. Studio 4,000, DEWA 400, chakula 1,500, kadi ya Metro ya mwezi kwa kanda zote 350, simu 300. Jumla 6,550. Anabakiza zaidi ya AED 11,400, kama TSh milioni 8. Hapo Dar na Nairobi haziwezi kushindana.

Kibindoni
Kwa hiyo kwa familia hii: Dar milioni 2 taslimu na 2 NSSF, Nairobi 1.45, Dubai laki sita na ushee. Dubai inageuka tu kama mwajiri atalipa ada za shule na bima ya familia. Ada peke yake ni AED 50,000 kwa mwaka, ukiipata inabaki kama AED 5,100 kwa mwezi.

Mzani
Na kama kuna deni la HESLB?

Fundi_Hesabu
Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na haipunguzi kinachotozwa PAYE. Kama milioni 10 yote imeandikwa msingi, inakatwa 1,500,000 na mkononi inashuka hadi 4,972,000. Ile ziada ya milioni 2 inabaki laki tano tu mpaka deni liishe. Ikiandikwa msingi 7,000,000 na posho 3,000,000, makato ni 1,050,000. Ukiwa Nairobi au Dubai hakuna mwajiri wa kukukatia, unalipa mwenyewe kwa namba ya malipo, na deni halisimami kwa sababu umevuka mpaka. Omba taarifa ya salio HESLB kabla ya kusaini popote, kisha rudia hesabu ya Dar kwa salio hilo, maana aliyebakiza miezi minne na aliyebakiza miaka mitatu hawapati jibu moja.