Naomba ushauri: kuandika habari za metal kunaweza kunilisha kweli?

Wakuu habari zenu, niko Nairobi, mchana nauza simu dukani usiku naandika kuhusu bendi za metal (ule muziki wa rock mzito wa magitaa na makelele). Nilianza 2020 bendi ya Duma ya hapa Nairobi ilipotoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nikaandika uchambuzi nikanogewa, tangu hapo kila shoo nipo mbele kabisa karibu na spika, kalamu mdomoni, masikio yanalia vuuu mpaka kesho yake jioni (nunueni vizibo vya masikio jamani msijione wajanja). Sasa shida hela. Jarida moja la nje lilichukua makala yangu ya maneno 1,500 likanilipa tisheti na stika. Tisheti! Mwenye nyumba anapokea tisheti kweli?

Najua hata Kerrang!, jarida la muziki wa rock, ilianza 1981 kama nyongeza tu ya gazeti la Sounds kule Uingereza, Geoff Barton akiwa mhariri, ila wale walikuwa na gazeti nyuma yao, mimi nina bando la wiki.

Wenye uzoefu niambieni, nikomae na majarida ya nje nidai malipo mapema, au nianzishe podikasti ya Kiswahili? Halafu mama bado anauliza kama naabudu shetani, huyo namjibuje?