Ramani ya kidijitali kufundishia tawasifu ya Tippu Tip: Bagamoyo imetua Hispania!

Mwl_Fasihi:
Wadau, wanafunzi 45 wanachora safari za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, kama alivyozisimulia, kutoka pwani hadi Kasongo (Kongo ya leo). Kompyuta 12, intaneti ya kusuasua. Kwenye Google My Maps (zana ya mtandaoni ya kuchora ramani), Bagamoyo imeangukia Hispania, Unyanyembe haionekani, na njia ya msafara imefuata barabara ya lami. Halafu nachelea kipindi cha fasihi kisije kikageuka jiografia.

ramani_bara:
Hispania ni kwa sababu umepishanisha safu mbili za jedwali ulilopakia. Bagamoyo ni latitudo -6.44, longitudo 38.90, zikipishana unatua karibu na Mérida. Ukisahau alama ya kutoa, unakuwa kusini mwa Ethiopia. Na desimali iwe nukta, kwani kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu hutenganishwa kwa mkato) mkato huikata namba kuwa safu mbili.

Unyanyembe ilikuwa himaya iliyozunguka Tabora. Weka alama Tabora (-5.02, 32.80), ila jina la kwenye matini libaki kwenye safu yake. Manyema, mashariki mwa Kongo, ni eneo, si kituo: izungushie poligoni (umbo lililofungwa), usiichomeke pini. Njia usiiombe kwa maelekezo ya gari, chora mstari kwa mkono, mnyoofu kutoka kituo hadi kituo. Hakuna atakayedhani ndiyo njia yenyewe.

kalamu_ya_pwani:
Mwalimu, fasihi inaingilia kwenye jedwali. Safu zangu: jina kama lilivyoandikwa, latitudo, longitudo, ukurasa, nukuu isiyozidi maneno 15, uhakika wa mahali (1 hadi 3), na idadi ya mistari ambayo msimulizi anatumia akiwa hapo. Hiyo ya mwisho ndiyo roho ya somo. Ipangie rangi kwa viwango, kisha waulize kwa nini mahali fulani pamepewa kurasa na mwendo mrefu ukamalizwa kwa sentensi moja. Hapo mmeshaingia kwenye muda wa kisa na muda wa usimulizi bila hata kutaja istilahi.

Ongeza na safu ya "nani ametajwa kwa jina". Wapagazi na mateka walitembea mstari uleule. Wanafunzi waone nafasi yao ikoje.

ramani_bara:
Kuhusu intaneti: jedwali hujazwa bila mtandao. Vikundi 9 vya watu 5, kila kimoja na kurasa zake, kompyuta 3 ziwe za akiba. Unganisha majedwali, hifadhi kwa UTF-8 (usimbaji unaolinda herufi zisiharibike), upakie mara moja. Kikomo cha My Maps ni mistari 2,000 ya jedwali kwa tabaka (layer) na matabaka 10 kwa ramani, hamtakifikia. Kosa litakalowasumbua ni tahajia: kikundi kimoja "Ujiji", kingine "Udjiji", na My Maps itavihesabu viwili.

Mtandao ukigoma kabisa, QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni bure na hufanya kazi bila intaneti, mradi umepakua mapema mito na maziwa ya Natural Earth (hifadhi ya data za ramani ya bure).

Mwl_Fasihi:
Shukrani. Na mipaka ya nchi kwenye ramani ya chini, ile ya usuli?

kalamu_ya_pwani:
Chagua ramani ya chini yenye maandishi machache, au kwenye QGIS uache tabaka la mipaka. Sehemu kubwa ya safari zile ni kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884–85. Mwanafunzi akiona mstari wa Tanzania na Kongo ataandika "akavuka mpaka", na msimulizi hakuvuka mpaka wowote, alivuka ziwa.