Kompyuta ya nyumbani: programu zipi za matunzo na ulinzi zinafaa, zipi ni mzigo?

mshale_wa_kipanya

Habari wadau. Naomba mnisaidie kuchuja programu za kutunza na kulinda kompyuta ya mezani inayotumiwa na watu wanne nyumbani. Hali yake ni hii:

Windows 11, RAM 8 GB, SSD ya 256 GB yenye mfumo (C:), na diski ngumu ya 1 TB (D:) yenye picha na nyaraka za miaka mingi, kama 600 GB. C: imebakiwa na 9 GB. Kuwashwa mpaka itumike ni dakika tatu. CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inasema SSD ni "Good", ila D: imekuwa ya njano, "Caution": 05 ni 0, C5 ni 18, C6 ni 18. Antivirusi ni ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta, muda wake umekwisha. Wote wanne wanatumia akaunti moja yenye mamlaka ya msimamizi.

Nimeandaa orodha: kisafisha rejista (hifadhidata ya mipangilio ya Windows), programu ya kuongeza kasi ya RAM, defragi (kupanga upya vipande vya faili diskini), na antivirusi mbili ili ulinzi uwe mkali. Nianze na ipi?

---

bisibisi_nyota

Usianze na hata moja, mkuu. Anza na D:, tena leo, kabla hujasafisha wala kupima kitu kingine.

Kwanza hiyo 18 siyo kumi na nane. CrystalDiskInfo huandika tarakimu ghafi kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo 18 maana yake ni 24. Ukitaka tarakimu za kawaida nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC]. C5 ni sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, sasa zinangoja uamuzi; C6 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma ilipojikagua yenyewe. Siku zitakapoandikwa upya, ama zitapona, ama diski itazihamishia kwenye sekta za akiba na kuzihesabu kwenye 05. Ndiyo maana 05 yako ni 0: siyo kwamba diski ni nzima, ni kwamba haijapata nafasi ya kuzihamisha. Diski nyingi za siku hizi zina sekta halisi za baiti 4096 lakini huhesabu kwa vipande vya 512, kwa hiyo 24 huenda ni sehemu tatu tu za sahani. Idadi hiyo si kubwa. Kinachotisha ni ikipanda kati ya leo na kesho.

(Kama ingekuwa C7, yaani makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ndiyo inayopanda peke yake, jibu lingekuwa kubadilisha waya wa SATA. Watu wengi hutupa diski nzima kwa kosa la waya.)

Chukua diski ya nje ya 1 TB au zaidi, iliyofomatiwa kwa NTFS (mpangilio wa faili wa Windows). Usiburute folda kwa kipanya: Explorer ikikutana na faili mbovu husimama ikusubiri ujibu, na wewe umeshalala. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mstari huu mmoja (hapa E: ni diski ya nje):

`robocopy D:\ E:\Nakala /E /R:1 /W:1 /XJ /A-:SH /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /LOG:C:\nakala.txt /TEE`

Roho ya amri hii ni /R:1 na /W:1. Usipoziweka, robocopy hurudia faili isiyosomeka mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara; asubuhi utaikuta bado imeng'ang'ania picha moja. /A-:SH nayo usiisahau, kwa sababu ukinakili mzizi wa diski bila hiyo, folda ya Nakala hurithi sifa ya kufichwa na utadhani hakuna kilichonakiliwa. Usiweke /MIR. Hiyo hufuta kule E: kila kisichoonekana D:, kwa hiyo diski inayokufa ikipoteza folda, nakala nayo inaipoteza.

Muda: diski ikisoma MB 100 kwa sekunde kupitia USB 3, 600 GB ni kama saa moja na dakika arobaini. Kwa USB 2 weka karibu saa tano. Mafurushi ya picha ndogondogo huongeza muda. Ikimaliza, tazama safu ya FAILED kwenye jedwali la mwisho. Ikiwa si 0, fungua nakala.txt utafute "ERROR 23". Hizo ndizo faili zilizokalia sekta mbovu, na majina yake yameandikwa pale.

Diski ikianza kugonga tik-tik, au FAILED ikawa mamia, zima. Hapo unahitaji ddrescue (programu ya kuokoa data ya diski mbovu) kutoka kwenye flashi ya Linux, na nafasi ya 1 TB nzima ya kuwekea taswira ya diski kwenye NTFS au ext4 (FAT32 haipokei faili ya kufika 4 GB):

`ddrescue -d -n /dev/sdb /media/nje/d.img /media/nje/d.map`

Mzunguko huo wa kwanza huchukua kwanza yanayosomeka kirahisi bila kung'ang'ania sehemu mbovu. Baadaye rudia na -r3 mahali pa -n, ukiacha faili ya d.map ileile, nayo itarudi kwenye mapengo tu. Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo diski mbovu. Herufi hizo hubadilika kila unapowasha.

---

turbo_16

Mbona safari ndefu? Piga `chkdsk D: /r`, inafunga sekta mbovu, kazi kwisha. Halafu kisafisha rejista kwa ajili ya kasi.

---

bisibisi_nyota

/r husoma kila sekta ya diski, saa nyingi kwa 1 TB, na inapokuta faili imekaa juu ya sekta isiyosomeka hutia sekta nyingine mahali pake, bila ile data. Picha inabaki na jina lake na ukubwa wake, ukiifungua nusu ni kijivu. Lengo la chkdsk ni kuufanya mfumo wa faili uwe sawa, siyo kuokoa kilichomo. Kabla ya nakala haifai. Baada ya nakala, fanya utakavyo.

---

herufi_ndogo

Naongeza kuhusu nafasi na kasi, kwa kuwa hilo la D: limeshajibiwa.

Rejista kwanza. Windows haiisomi yote kila inapofanya kazi. Huenda moja kwa moja kwenye funguo inayoitaka. Funguo yatima elfu mbili zilizoachwa na programu za zamani ni kilobaiti kadhaa, hakuna jicho litakaloona tofauti. Ila funguo moja iliyofutwa kimakosa inatosha kuvunja programu, na Microsoft wenyewe hawatoi msaada kwa kompyuta iliyopitishwa kwenye visafisha vya namna hiyo. Programu za RAM ni kichekesho kingine: zinasukuma kurasa za kumbukumbu kwenda diskini ili namba ya RAM iliyo wazi ionekane kubwa, kisha kurasa zilezile zinasomwa tena kutoka diskini. Defragi kwenye SSD iachie Windows yenyewe. Optimize Drives inajua ni SSD na kwa kawaida hutuma TRIM (taarifa kwa SSD kuhusu sehemu zisizo na data tena). Hakikisha kwa `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`: 0 maana yake TRIM inafanya kazi.

Nafasi ya C: itafute kwa WizTree, programu ya kuonyesha faili na folda zinazojaza diski. Kwenye NTFS husoma jedwali la faili lenyewe badala ya kutembea folda kwa folda, kwa hiyo sekunde chache unaona nani anakula. Wanaokula mara nyingi ni hawa: Windows.old baada ya sasisho kubwa, folda za muda, akiba za vivinjari, na hiberfil.sys, ambayo kwa RAM ya 8 GB ni kama 3 GB. Hiyo ya mwisho huondoka kwa `powercfg /h off`, ingawa unapoteza kulaza kompyuta kwa hibernation na ule uwashaji wa haraka.

WinSxS, folda ya Windows ya kuhifadhi vijenzi vyake, utaiona kubwa. Usiiguse kwa mkono! Faili zake nyingi ni zilezile za folda ya Windows zinazoonekana mara mbili. Ukubwa wa kweli utaambiwa na `Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore`, na ikipendekeza usafi, badilisha neno la mwisho liwe /StartComponentCleanup. Mengine yamalize kwenye Settings, System, Storage, Temporary files. Tazama tiki ya Downloads kabla ya kubonyeza: pale ndipo watu hufuta nyaraka zao wakidhani ni takataka. Lenga C: ibaki na walau 30 GB wazi, maana sasisho kubwa hukwama pasipo na pumzi.

Dakika tatu za kuwaka: Ctrl+Shift+Esc, kurasa ya Startup apps, zima kila kisicho cha lazima. Kama bado, tumia Autoruns ya Sysinternals, inayoorodhesha kila kinachojiwasha. Kwenye Options washa Hide Microsoft Entries, na Check VirusTotal.com ili alama za faili zilinganishwe na matokeo ya antivirusi nyingi. Ondoa tiki tu, usifute mstari; kikiharibika kitu unarudisha tiki. Mistari ya njano ni faili ambazo hazipo tena, hazina madhara. Na pengine hiyo D: yenyewe ndiyo inayochelewesha, kwa sababu diski yenye sekta zisizosomeka huweza kuufanya mfumo mzima usubiri.

---

komeo_mbili

Upande wa ulinzi.

Antivirusi mbili za muda wote huzuiana: kila moja inafungua faili ambayo mwenzake anaichunguza. Yako iliyokwisha muda ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu bado inaweza kuwa imejiandikisha kama mlinzi, na Microsoft Defender ikikuta mlinzi mwingine hukaa pembeni. Iondoe kwenye Settings, kisha pitisha kifaa cha uondoaji cha mtengenezaji wake, anzisha upya, halafu fungua Windows Security uone Real-time protection na Tamper Protection ziko On. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure huchunguza pale unapoiagiza tu, haigombani na mtu. Ukishuku kitu kimejificha, tumia Microsoft Defender Offline scan. Inachunguza kabla Windows haijawaka.

Washa pia Controlled folder access, ni kinga dhidi ya programu hasidi zinazofunga faili zako na kudai kikombozi. Huja ikiwa imezimwa. Siku za mwanzo itazuia hata programu halali zisihifadhi kwenye Documents, nawe utaziruhusu moja moja. Usichoke ukaizima.

Akaunti moja ya msimamizi kwa watu wanne ndilo pengo kubwa kuliko yote uliyoorodhesha. Tengeneza akaunti mpya ya msimamizi yenye nenosiri, ingia humo mara moja uone inafanya kazi, kisha ukiwa humo geuza ile ya zamani iwe Standard user. Kila mmoja apewe yake. Kuanzia hapo anayetaka kusakinisha kitu ataombwa nenosiri la msimamizi.

Sasisho: Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka MS17-010, na Mei mwaka huohuo WannaCry, programu ya kudai kikombozi, ikazikumba kompyuta ambazo hazikuwa zimekitia. Windows Update inajiendesha, lakini programu ndogo nyingi hazijisasishi. Mfano ni 7-Zip na WinRAR, za kufungua faili zilizobanwa. 7-Zip ya kabla ya 24.09 ina tundu linaloondoa alama ya "imetoka intaneti" kwenye faili zilizofunguliwa. WinRAR inatakiwa iwe 7.13 au zaidi. Kwenye Command Prompt andika `winget upgrade` uone zilizopitwa, kisha `winget upgrade --all`.

Na hata programu yenye jina zuri isakinishe tu kama una kazi nayo. CCleaner 5.33 (kisafisha kompyuta) ya Agosti 2017 ilitolewa na tovuti rasmi, ikiwa na sahihi halali ya kidijitali, huku ndani yake imepandikizwa programu hasidi. Waliopakua hawakukosea hatua yoyote.

Jambo moja husahaulika: angalia kama C: imesimbwa (imefungwa kwa BitLocker ya Windows), kwa `manage-bde -status`. Ikiwa imesimbwa, andika ule ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 (`manage-bde -protectors -get C:`) kwenye karatasi. Sasisho la BIOS linaweza kuuomba ghafla, na usipokuwa nao C: haifunguki kwa namna yoyote.

---

mshale_wa_kipanya

Robocopy imemaliza, FAILED ni 3, zote video. Maswali mawili: OneDrive inatosha kuwa nakala ya pili? Na hii D: niitupe au naweza kuendelea nayo?

---

bisibisi_nyota

OneDrive ni usawazishaji. Ukifuta huku, kule nako kunafutika. Faili ikifungwa na wadai kikombozi, iliyofungwa ndiyo inayopanda. Ina pipa la taka na matoleo ya nyuma, lakini kwa muda maalumu. Ichukue kama nakala ya tatu. Ya pili iwe diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha inachomolewa. FreeFileSync (programu ya kulinganisha na kunakili folda) inatosha kwa kazi ya kila wiki. Chagua Update, siyo Mirror, na kila mwezi fungua faili chache kutoka kwenye nakala zenyewe uone zinafunguka.

Kuhusu D:, zile video tatu jaribu kuzinakili tena mara moja moja. Wakati mwingine husomeka. Zikikataa na unazitaka, ddrescue kabla ya hatua inayofuata, maana inafuta kila kitu. Fomati D: ukiwa umeondoa tiki ya Quick Format. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri kwenye kila sekta, kwa hiyo diski inalazimika kuamua kuhusu zile 24. Kisha tazama CrystalDiskInfo: C5 ikirudi 0 na 05 ikabaki 0, lilikuwa kosa la uandishi, pengine umeme ulikatika, itumie kwa vitu usivyovililia. 05 ikipanda, au C5 ikarudi baada ya wiki, itoe. Data tayari imeshafutwa na hiyo fomati, isipokuwa mabaki yaliyomo kwenye sekta zilizohamishwa, ambayo Windows haiwezi kuyafikia tena.

Njia hii ni ya diski za sahani. Kwa SSD tumia Secure Erase ya mtengenezaji au ya BIOS.