Naomba ushauri: nimjibuje baba mdogo kuhusu umeme wa makaa ya mawe?

Wakuu, habari zenu. Jumapili tuna kikao cha ukoo Kongwa, na najua baba mdogo atanibana tena. Yeye ni dereva wa lori, anabeba makaa ya mawe kutoka Mbinga, ndiyo ugali wa nyumbani kwake. Hoja yake: makaa Ngaka yapo, Mchuchuma yapo, tuchome tupate umeme.

Mimi nasema Singida kuna upepo na jua letu halina likizo. Kisima cha mtaani kwetu kinavuta maji kwa paneli sita. Zamani tulichangishana hela ya dizeli, siku hizi kazi ni kufuta vumbi kwa kitambaa. Nikamtajia moshi, majivu, zebaki. Akacheka: "Usiku jua linalala, mwanangu."

Hapo ndipo nakwama. Nimefikiria kumwambia mchana tutumie jua, maji ya bwawa la Julius Nyerere (megawati 2,115) tuyabane, tuyafungulie usiku. Mafundi wa umeme, hoja hiyo inasimama? Na betri za gridi, zile kubwa za kuhifadhi umeme, zikoje kwa gharama?

Halafu suala la ajira yake naligusaje bila kumkosea adabu? Ndiye aliyenilipia ada.