Begi na padi safi, sparingi imegota miezi minne. Nirekebishe nini?

KilosiniTatu
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kiufundi. Ngumi za ridhaa, kilo 63, simamo la kawaida (mguu wa kushoto mbele), miaka miwili na nusu ya mazoezi. Siku tano kwa wiki: begi raundi 6, padi (kupiga ngumi kwenye mito anayoshika kocha) raundi 4, kuruka kamba dakika 15. Sparingi (pambano la mazoezi) Jumatano na Jumamosi, raundi 6 za dakika tatu, glavu za aunsi 14, na wapinzani walewale wawili.

Raundi ya kwanza na ya pili huwa sawa. Baada ya hapo jabu yangu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) inasomwa, nikiirusha tu narudishiwa mkono wa kulia juu yake. Nikipiga ngumi mbili tatu nakamatwa wakati natoka. Raundi ya nne mikono haitoki tena. Hali ni ileile tangu miezi minne iliyopita. Nafikiria kuongeza siku ya tatu ya sparingi na kukimbia kilomita 10 kila asubuhi. Mnasemaje?

KonaYaBluu
Usiongeze chochote kwanza. Ukiongeza sparingi juu ya kosa, unalifanyia kosa mazoezi.

Weka simu kwenye kona, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama ulingoni, na urekodi raundi zote sita. Kisha kaa na karatasi yenye safu nne: nimepigwa nikiingia, nikiwa katikati ya kupiga, nikitoka, nikiwa nimesimama tu. Kila ngumi safi uliyokula, weka alama kwenye safu yake. Fanya hivyo kwa sparingi mbili kabla ya kubadilisha lolote. Usijihukumu kwa kumbukumbu, maana mtu hukumbuka ile iliyouma na kusahau zile kumi ndogo zilizompotezea raundi.

Kuhusu jabu kurudishiwa mkono wa kulia, sababu huwa chache. Angalia mkono wa kushoto unarudi kwa njia gani. Wengi wanaurusha ukiwa juu na kuurudisha kupitia kifuani, na hapo ndipo mlango unapofunguka. Urudi kwenye mstari uleule hadi kwenye shavu. Bega la kushoto lipande lifunike kidevu wakati mkono umenyooka. Angalia pia goti la mbele: kichwa kikivuka goti, uzito wote uko mbele na huwezi kurudi nyuma kwa wakati. Jambo la mwisho, na pengine ndilo kubwa kwako, jabu zako zote zina mdundo mmoja na umbali mmoja. Wapinzani ni wawili tu. Baada ya miezi minne wanakujua kuliko unavyojijua.

ChumaHakiliwi
Mnamtisha bure. Ngumi ni kupigwa. Apigwe mpaka azoee, atafunguka mwenyewe.

MshikaPadi
@ChumaHakiliwi anayezoea kupigwa anajifunza kufumba macho na kukaza mabega, basi. Kukwepa hakuji hivyo.

@KilosiniTatu begi linakudanganya kwa sababu mbili. Halirudishi, na umbali unauchagua wewe. Ndiyo maana ujuzi wa begi hauvuki kamba za ulingo peke yake, unahitaji daraja katikati. Daraja ni sparingi ya masharti. Jumatano iwe hivi:

Raundi 1 na 2: jabu tu, wote wawili, kichwani na tumboni.
Raundi 3: mwenzako anashambulia kwa mikono yote, wewe unajikinga na kuruhusiwa ngumi moja ya kujibu.
Raundi 4: mnabadilishana.
Raundi 5: huru, lakini kila ukimaliza kupiga lazima utoke kwa pembe, yaani kando. Ukirudi nyuma moja kwa moja, mwenzako ana haki ya kukufuata.
Raundi 6: huru kabisa, nguvu nusu.

Glavu ziwe aunsi 16 kwa wote. Nguvu nusu maana yake ngumi inafika na kugusa, haivuki. Mkishindwa kulielewa hilo, kengele ipigwe na raundi iishe. Sparingi ngumu ya kweli inatosha mara moja kila wiki mbili au tatu, na isiwepo kabisa siku kumi za mwisho kabla ya pambano.

Kutoka kwa pembe: mpinzani wa simamo la kawaida mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ukitokea kushoto unaelekea mkono huo, ukitokea kulia unaelekea huki (ngumi ya kuzungusha) yake ya kushoto. Hakuna upande salama, kwa hiyo badilisha pande, na usitoke mikono mitupu. Maliza kwa jabu au huki nyepesi ya kumfanya azibe, mguu ukiwa tayari unaondoka. Mguu wa upande unaokwenda ndio uanze. Ukivuka miguu, hata ngumi dhaifu inakuangusha.

KilosiniTatu
Nimerekodi Jumatano na Jumamosi. Ngumi safi nilizokula: nikiingia 9, katikati 4, nikitoka 21, nimesimama 6. Kweli narudi nyuma mstari mmoja hadi kwenye kamba. Na jabu mbili zikifuatana sijaona hata mara moja! Nianzie wapi kati ya haya?

KonaYaBluu
Anza na kutoka, 21 zimeshasema. Wiki tatu, jambo hilo moja. Wiki ya kwanza mwenzako anajua unachofanya: wewe jabu na kulia, yeye anarudisha kulia polepole, wewe unatoka kwa pembe. Dakika mbili, mnapumzika, seti nne. Wiki ya pili ana chaguo mbili, kulia au huki, na hakwambii ipi. Wiki ya tatu anaamua mwenyewe hata kutorudisha kabisa. Ukiruka moja kwa moja kwenye wiki ya tatu, utarudia tabia ya zamani, kwani mwili ukibanwa huchukua kilicho karibu.

Ukimaliza hilo ndipo uje kwenye jabu. Kati ya jabu kumi, mbili ziwe za tumboni, mbili ziwe jabu mbili mfululizo, tatu ziwe za kuzuga, zilizobaki za kweli. Kuzuga hakufanyi kazi mpaka ya kweli iwe imefika usoni mara kadhaa. Mtu hashtukii bega ambalo halijawahi kumletea kitu. Bega na mguu wa mbele vitikisike kama unapiga, mkono usiende. Akirusha kulia yake hewani, hapo ana mbavu wazi na wewe ndiye wa kurudisha.

Tafuta pia mpinzani wa tatu. Mrefu kuliko wewe, au mwenye simamo la kushoto (mguu wa kulia mbele), hata kama ni raundi mbili tu kwa wiki.

PumziNaMapafu
Naongezea ya raundi ya nne. Kabla ya kulaumu stamina, sikiliza video yako. Husikii pumzi zikitoka kila ngumi? Basi unazizuia, na mabega yamepanda masikioni. Bondia aliyekaza mwili mzima anachoka kwa dakika sita hata kama anakimbia vizuri. Piga kivuli (ngumi za hewani, bila mpinzani) raundi tatu, mdomo ukitoa hewa kwa kila ngumi, mikono ikilegea hadi sentimita chache za mwisho. Ni zoezi la kuchosha akili, watu wengi wanaliruka.

Kilomita 10 kila asubuhi hapana. Miguu itakuja kwenye ulingo imekufa. Kimbia mbio nyepesi mara mbili kwa wiki, dakika 30 hadi 40, kasi ya kuweza kuzungumza. Halafu mara moja kwa wiki vipande: dakika tatu kwa kasi kubwa, dakika moja kutembea, mara tano au sita. Hicho ndicho kipimo cha raundi. Siku ya vipande isiwe siku ya sparingi.

Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, sekunde 60, uandike. Baada ya wiki mbili utajua kawaida yako. Yakipanda saba hadi kumi juu ya kawaida siku mbili tatu mfululizo na usingizi ni mbaya, hujapona, punguza. Na kila wiki ya nne kata raundi nusu, bila sparingi. Miezi minne bila wiki nyepesi hata moja inatosha kabisa kugotesha mtu. Unashusha uzito pia? Sparingi ya njaa haikufundishi kitu zaidi ya njaa.

MshikaPadi
Na kichwa: helmeti inapunguza michubuko na kupasuka, haizuii ubongo kutikisika. Kichwa kikiuma baada ya sparingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, mazoezi yamekwisha siku hiyo na daktari aonwe kabla ya kurudi kupigwa. Usimalizie "raundi moja tu".

KilosiniTatu
Shukrani wakuu. Uzito sishushi kwa sasa, niko kilo 64 na nusu kawaida. Swali la mwisho: mmoja wa wale wawili akiguswa tu anapandisha nguvu, nguvu nusu haijui. Nifanyeje?

MshikaPadi
Raundi za jabu tu mpe huyo, hapo hana cha kupandisha. Raundi huru fanya na mwingine. Mwambie kocha kabla ya kupanda, si mkiwa ndani, ili kengele iwe mkononi mwake. Akipandisha mara ya pili, shuka.